Sahani za Kunduchi

Cheni ilichomoka Mtongani. Sikitu akacheka,
akaegemeza baiskeli mnaziní pa watu, akairudisha;
ndivyo tulivyofika makaburini,
mimi, yeye, na grisi.

Nguzo ya matumbawe ina mashimo ya mviringo:
hapo palikaa sahani za Kichina.
Mlinzi anasema ziling'olewa. Hasemi na nani.
Anataka tu tujaze daftari.

Sikitu anaingiza ngumi shimoni. Inaenea sawasawa.
"Nyumbani tunazo sita," anasema, "zenye maua ya samawati,
kabatini, za wageni.
Hakuna anayezilia."

Kurudi, upepo wa mbele. Tunakanyaga kimya.
Nyuma yetu, kwenye daftari la serikali,
dole gumba lake jeusi
limekaa kando ya jina, kama muhuri.