Silabi

Kibokoni, baada ya alasiri. Shangazi Mwanakheri
asema, mimi naandika jibu la posa yangu:
"Hatutaki."
Neno hili lina ncha, shangazi.
"Hatukuafikiana."
Hilo la mahakamani.
Akatafuna kaimati, akalamba shira kidoleni.
"Basi tia: Nasibu haikuja."
Hapo sawa. Nasibu haina baraza
mtu akaenda kuiuliza kulikoni.

Alipoinuka kutia udhu
nikafuta *ku*, nikaandika *ja*:
haijaja.
Silabi moja, wino ule ule.

Karatasi nikampa Shee mdogo aipeleke Kuze,
mbio, kabla shangazi hajarudi na miwani.
Mlango, alipotoka, sikuufunga.
Niliushindika.