Maneno ya Chini

Kila Alhamisi baada ya isha tunarekodi
chumba cha juu, Langoni, juu ya duka la betri.
Kamera ni simu ya mkopo. Mkeka wa harusi ya mama
umeziba ufa ukutani.
Shekuwe hukalia kigoda,
kiti kizuri humwachia mgeni: "Ili ukianguka,
uanguke kwa heshima."
Kumi na wanane hucheka sakafuni,
elfu tisa hucheka Jumamosi kwenye simu zao
wakishalipa shilingi ishirini.

Mimi ndimi mwandishi wa maneno ya chini.
Yeye husema Kiamu, mimi naandika
Kiswahili cha shule, Kisumu nao waelewe.
Mato, naandika macho. Nti, naandika nchi.
Ndoo, naandika njoo, la sivyo watadhani
kila mtu huku anaitiwa maji.

Wenzetu wa bara hulalamika kuwa utani wa habari
huchacha: waziri akifukuzwa Jumatatu,
Jumanne mzaha wake ni uji wa jana.
Sisi hatuna shida hiyo.
Jenereta ya hospitali, iliyokatiwa utepe mara tatu
kwa mikasi mitatu,
tuliicheka msimu wa kwanza.
Huu ni wa nne. Utani bado mbichi.
Mheshimiwa mwenyewe hajabadilika, ila shingo.

Kisha akamwalika aliyezishona zile tepe,
Fundi Mahazi, mtu mpole, kofia mpya.
"Utepe mmoja walikulipa ngapi?"
Fundi akasema kweli.
Kwa pumzi moja hakucheka mtu,
halafu wakacheka wote, hadi betri za chini zikatikisika.
Tarakimu ile niliiandika mimi.
Sifuri nilizihesabu mara mbili.

Wiki iliyofuata Shekuwe akaenda Malindi
kununua maikrofoni.
Simu ililia alfajiri, kijana wa stejini:
"Dada, Shekuwe ametekwa.
Gari jeupe, halina namba."
Nilikuwa nimeweka spika. Nyanya Mwanamku,
ungo wa mchele mapajani, uso ukamng'aa:
"Metekwa? Na watu wote?
Ndiyo kazi yake. Mngu amzidishie."

Kwetu kuteka ni kucheka.
Na mimi, nilipwaye kwa kutafsiri,
nilifungua mdomo, nikaufunga.

Kituoni askari alinitambua.
Hutazama kipindi, akasema, hakosi.
Akaishika kalamu iliyofungwa kamba, akauliza:
"Ametoweka kweli, au ni tangazo?"

Siku nne nyanya alikaa mlangoni
akiwaambia wapitao: mjukuu wangu metekwa hadi Malindi.
Majirani walinitazama mimi, wakatazama viatu vyao,
wakampa hongera.

Siku ya tano akashuka gatini, kiatu kimoja,
mdomo umepasuka, ndevu zimenyolewa upande.
Nyanya akamshika mkono: "Walikuteka, mwanangu?"
Akanigeukia. Akaelewa mara moja.
Mtu huyu hajui kuacha nafasi impite.
"Walinteka, nyanya. Watu sita.
Walinteka hata wakachoka."
Akacheka, nyanya akacheka,
mimi nikaenda jikoni kutafuta chumvi
ambayo sikuihitaji.

Alhamisi tulirekodi. Alisimulia yote.
Kiti kizuri kilikaa kitupu,
Fundi Mahazi hapokei simu.

Sasa ni saa saba usiku, nautazama mstari mmoja.
Kampuni inautaka kabla ya alfajiri,
herufi thelathini na mbili, isizidi hata moja.
Nikiandika walinicheka, nimewaficha wale sita.
Nikiandika walinikamata, nimempokonya nyanya
siku zake nne.
Nimeliacha neno lilivyo, walinteka,
bila alama, bila maelezo.

Mji wetu magari yake ni ya kuhesabu.
Hata hivyo nimezima taa
na nasikiliza.