Korija Tano

Somoe alinilipa mafuta ya mashine na posho ya siku
nimpeleke mikokoni, nyuma ya Kipungani,
nami nikate kama kawaida. "Usinijali," akasema,
akateremsha majini kinasa sauti chake,
kimevishwa mpira kama kidole chenye jeraha.

Nilidhani anavua.
Akanivika visikilizio masikioni:
chini ya chombo, sambusa elfu zilikuwa zikikaangwa.
"Kamba wadogo," akasema. "Wanafyatua makucha."
Miaka ishirini na sita nimepita juu ya jiko hilo
nikiliita kimya.

Ijumaa, baada ya Isha, Langoni,
kiwandani mwa nyumba ya marehemu mjomba wake,
shuka ya kitanda ukutani, watoto chini,
Bi Barke mbele kabisa, kwa kuwa hasikii.
Shuka ikaonyesha tope. Tope, dakika nne.
Sauti kutoka nyuma: "Steringi yuko wapi?"
Kaa akainua gando lake jekundu,
watoto wakampigia makofi.

Kisha taa ya projekta ikapasuka, paf.
Famau akakimbilia nyaya, Somoe akamshika mkono:
"Wacha. Sauti ingalipo."

Tukabaki kuitazama shuka iliyozima
kama watu mlangoni mwa chumba cha mgonjwa.
Kamba wakakaanga. Maji yakameza kitu, yakasita.
Bi Barke akainuka, akapapasa, akaweka kiganja juu ya spika
kama anayepima homa ya mtoto,
na hapo ikaja:

du.
Kituo.
Du.

Kamba wote wakanyamaza.

Nililitambua kwa mwendo wake, si kwa mlio.
Shoka langu. Lakini lilikuwa limeshuka na mizizi
likafika jicho lisikofika,
zito, lenye subira, kama mgeni anayejua mna watu ndani.

Du.

"Karibu!" akasema Bi Barke, kwa mazoea,
mkono ungali juu ya spika.
"Mbona hamumwitiki? Pana mtu mwangoni."

Watu wakacheka. Somoe hakucheka, wala hakunitazama,
na hilo ndilo lililonikereketa.

Leo Jumatatu nina oda: korija tano za mazio,
mwenyewe keshanilipa nusu, na nusu hiyo imeshaliwa.
Nimelinoa shoka. Nimeupaka mpini mafuta.
Nimekaa nalo magotini tangu alfajiri,
maji yanajaa, mashine sijaiwasha,
midomo yangu inajaribu neno
ambalo mgeni hulisema kwanza.