Nyuma ya Fomu

Yasna, mbele ya fomu yako nimejaza kila kisanduku:
nalala "kiasi", nakula "vizuri",
na pale penye "narejea hali yangu baada ya dhiki"
nimetia tatu kati ya tano,
maana mbili ingenipeleka likizo
na nne ingekuwa uongo wa mchana kweupe.
Yaliyobaki nakuandikia huku nyuma.

Wewe mgeni hapa Punta Arenas. Umekuja na theluji,
hujauona upepo wa Novemba.
Ukivuma, manispaa hufunga kamba kwenye nguzo za barabarani,
watu wazima na mabegi yao wakazishika
kama watoto wa chekechea,
na hakuna anayemcheka mwenziwe.
Umeniuliza niliwezaje.
Sikuweza. Nilishika.

Nilishika, kwa mfano, saa nane na robo usiku,
saa ya kuwageuza wagonjwa kifudifudi.
Watu sita kwa mwili mmoja:
Eliécer kichwani, penye mrija,
kwa kuwa mikono yake haitetemeki hata akilia;
Nelda wa usafi miguuni. Hakuajiriwa kugeuza mtu,
ila tulikuwa watano.
"Moja, mbili..." na kwenye tatu
sote tukavuta pumzi ndani ya barakoa,
pumzi ya kahawa ya jana,
kana kwamba ya kwetu ingemfaa.

Don Ruperto alikuwa mkata manyoya ya kondoo.
Hata katika usingizi wa dawa
vidole vyake vilifumba na kufumbua,
tukasema, leo huyu atamaliza zizi zima.
Binti yake yuko Porvenir, ng'ambo ya mlangobahari,
kivuko kimezuiliwa.
Akamsomea bei za sufu kwenye simu yangu,
kilo kwa kilo,
kwa sauti ya mtu anayegombana na dalali.
Simu nimeitia kwenye mfuko wa plastiki.
Nilipoiondoa, iliacha alama sikioni mwake.
Alama ile iliishi kuliko yeye,
dakika chache.

Saa tatu usiku mji ulitupigia makofi na masufuria.
Nilishukuru. Lakini shujaa haumwi,
na gauni langu lilikuwa mfuko wa takataka, mweusi, saizi kubwa.
Jirani wa ghorofa ya pili, mwenye sufuria kubwa kuliko zote,
alinibandikia karatasi mlangoni:
Tafadhali tumia ngazi za nyuma.
Nikatumia ngazi za nyuma.
Karatasi ile sijaitupa. Sijui kwa nini.
Liulize hilo kwenye fomu ijayo.

Wanasema subira yavuta heri.
Sibishi. Ila anayevuta
naye huchoka mabega.

Kulia, sikulia. Hata siku ya Don Ruperto
nilikwenda nyumbani nikasugua jiko.
Nililia miezi minane baadaye, dukani, mbele ya mizani,
kijana alipokuwa akinihesabia mafungu ya viazi:
"Moja, mbili..."
Mimi nikavuta pumzi
nikawasubiri wale watano.
Nyuma yangu kwenye foleni palikuwa na bibi nisiyemjua.
Hakuuliza. Alikamata mkono wa koti langu,
koti tu, si mkono,
hadi foleni iliposogea.
Viazi nikavisahau pale pale.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Si mengi kwa utafiti.
Eliécer aliacha kazi, anauza matairi,
anasema matairi yakiisha upepo unayajaza tena.
Nelda bado analipwa mshahara wa usafi.
Hilo liandike mbele, kwa wino, si huku nyuma.

Na Novemba, ukiwa bado upo,
nitakuonyesha kona iliyo mbaya kuliko zote, karibu na benki.
Usivae skafu ndefu.
Ukikosa kamba, shika mtu.