Mfasiri wa Kibaigwa

Kikorea sikijui.
Niseme hilo kwanza, kabla hamjaniuliza.
Ninachokijua ni mdomo: ukifunguka
naingia humo na Kiswahili changu,
ukifungwa natoka. Basi.
Kiingilio mia tano, watoto mia tatu,
banda la mabati nyuma ya soko la mahindi,
jenereta likikohoa ukutani,
na wakili wa Seoul akiongea kama mpima magunia.

Msimu ule kulikuwa na mpelelezi aliyefukuzwa kazi.
Koti refu jeusi, mvua isiyokatika
(mvua! sisi tulikuwa hatujaiona tangu Aprili),
mchana anauza tambi, usiku anawafuata
matajiri walionunua mahakimu,
mmoja mmoja, kwa nyundo ndogo.
Banda lilijaa hadi dirishani.
Walikuwepo wapakiaji waliopunjwa ujira.
Alikuwepo Mama Sechelela, aliyeuza ekari mbili za alizeti
kufuata kesi ya mwanawe Dodoma mjini,
njoo kesho, njoo Jumanne, jalada halionekani.
Kila nyundo iliposhuka alisema, "Ahaa,"
polepole, kama mtu anayekandwa mgongo kwa maji ya moto.

Sehemu ya tisa, juu ya paa,
yule bwana akageuka, akatutazama sote,
akasema kitu kirefu cha pumzi moja.
Sikujua ni nini. Nani angejua?
Nikashika kipaza sauti, nikasema:
"Sheria imelala. Tulio macho tufanye kazi."

Watu walipanda juu ya mabenchi.
Niliirudisha nyuma mara tatu, kwa ombi lao,
na mara ya tatu niliinogesha.

Wiki haijaisha, Ndahani kaiandika
nyuma ya bodaboda yake, rangi nyekundu.
Watoto wa chandimu waliitamka kabla ya penalti.
Nilifurahi, sitawaficha.
Nilipita sokoni nikiwa mrefu.

Alhamisi, saa mbili usiku, umeme hakuna,
mtu akapiga yowe kule mizani: mwizi.
Kijana alikuwa anakimbia, kwa hiyo ndiye.
Mfukoni wakamkuta na kitu chenye ncha,
wakasema kisu.
Ilikuwa shazia.
Lechipya alikuwa mshona magunia.
Jumatatu yake tu alinishonea pazia la banda,
akakataa pesa, akaomba aingie bure.

Nilikuwa mbali, hatua kama arobaini.
Sikuona mkono wa mtu.
Nilisikia sauti moja, kisha nyingi,
zikisema kwa pamoja, na kituo kilekile
nilichokiweka mimi baada ya "imelala".

Asubuhi redio ikasema wananchi wenye hasira kali.
Wananchi wenye hasira kali
walikuwa wanakunywa chai ya rangi, chapati mbilimbili,
na hakuna hata mmoja aliyekuwepo.
Mama Sechelela alikuja bandani peke yake,
akaketi benchi la mbele, skrini imezimwa.
"Huyu wako wa nyundo," akauliza,
"hajawahi kukosea mtu?"

Nimeitazama tena sehemu ya tisa, bila sauti yangu.
Macho yake yamechoka kuliko nilivyokumbuka.
Huenda alitaja jina la mkewe.
Huenda aliomba azuiwe.

Jumamosi walikuja, wakalipa, wakaketi.
Pazia limeshonwa vizuri, mshono wa gunia,
haliruhusu hata mwanga wa taa ya lori.
Yule bwana akapanda ngazi, akageuka, akafungua kinywa.
"Fasiri!" wakapaza sauti. "Fundi, fasiri!"
Kipaza sauti kimelowa mkononi.
Mdomo ule unasema, unasema,
mvua yao inanyesha,
na mimi sijaingia.