Siku Kumi

Asubuhi ya Juni, Iringa, ukungu haujayaachia mawe.
Tuko watano langoni; simu tumeziacha kwa askari
ndani ya boksi la sabuni.
Mwalimu Chengula anatukagua kama watoto wa kipaimara:
"Kalamu mbili. Ya kwanza itagoma kwa baridi.
Na usimuulize mtu alifanya nini.
Muulize hukumu ilisomwa lini."

Vifungu vyote nilikuwa navyo kichwani.
Nilijua kuomba muda uongezwe,
kila siku ya kuchelewa itolewe hesabu.
Sikujua kukaa benchi moja
na mtu anayenuka moshi wa kuni na dawa ya upele
bila kuinua daftari kama ukuta.

Alatanga Kihwele, wa Kilolo.
Miaka mitatu ndani, nakala ya hukumu bado iko njiani.
Nikamwambia, sheria ilikupa siku kumi za kutoa notisi.
"Kumi," akarudia, akacheka kidogo.
"Mwanzi usipoukata siku tatu
kidonda kinafunga, ulanzi unakatika,
chipukizi linapanda zake, linakuwa mti wa kujengea.
Kumi ni nyingi, mwanangu.
Mimi siku ya pili tu niliweka dole gumba."

Kwenye nini?
"Karatasi. Alikuja nayo bwana mmoja mwenye mwanya.
Akaniambia wino nijifutie ukutani."

Nikaendelea kuandika: umaskini, kutojua kusoma.
Mwalimu akashusha kidole juu ya mstari wangu.
"Umesikia alichosema?"
Nimesikia, mwalimu.
"Hujasikia. Ukuta upi?"

Ofisi ya mapokezi, pembeni ya kabati la mafaili.
Tulisimama tukitazama chokaa safi, hatukuona kitu,
hadi yeye alipokusanya sketi yake akachuchumaa,
kama wanavyochuchumazwa wao.
Nasi tukachuchumaa.

Vilikuwa huko chini.
Vidole gumba, vyeusi, vya buluu, kimoja juu ya kingine,
vingine vimeburutwa mpaka kwenye sakafu.
Yudika alianza kuvihesabu, akaishia arobaini na kitu.
Mwenye mwanya alishahamishiwa Songea, alisema askari,
karatasi atakuwa anazijua yeye.

Tuliporudi, Alatanga hakuuliza tumeona nini.
Aliuliza mvua za Kilolo ziliishia lini,
na kama kuna mtu aliyepita kwenye mianzi yake.

Kalamu yangu ilikuwa imegoma.
Mwalimu akanipa ya kwake.