Gauni Lisilokwisha

Kitambaa alikileta Jumatatu, saa nne asubuhi,
mumewe akiwa zamu bandarini.
Akakiweka mezani, hakukaa.
"Nishonee gauni," akasema. "Lakini usilimalize."

Nimeshona hapa Majengo miaka kumi na tisa.
Nawajua wanaotaka nguo ya arusi kwa siku mbili,
nawajua wanaolipa kidogo kidogo, na wasiolipa kabisa.
Mteja wa namna hii sikuwahi kumpata.
Nikachukua futi nimpime. Alipoinua mkono
nikaona, naye akaona kwamba nimeona.
Nikaandika kipimo cha kifua.
Kalamu ikakataa, nikaandika tena.

Tangu hapo gauni la Mwanatumu liko kazini.
Kila Jumatatu huja kujaribisha,
na kila akija gauni huzidi uzito.
Yule akiuliza, jibu liko tayari:
fundi mwongo, mafundi wote waongo,
leo kesho, leo kesho.
Mji mzima utalila yamini hilo.

Ndani ya pindo nimeshonea kitambulisho chake,
kadi mbili za kliniki za watoto,
karatasi ya daktari yenye muhuri na tarehe,
noti za mia zilizokunjwa kama sambusa.
Na ufunguo wa pili wa nyumba.
Ule aliosema umepotea.
Ule aliopigwa kwa ajili yake.

Bi Umazi wa Kisauni ndiye aliyetukanya:
"Siku msimchagulie ninyi.
Yeye ndiye azijuaye zile nyayo ngazini,
zipi ni za uchovu, zipi ni za shari.
Na siku ya kutoka ndiyo ya hatari kuliko zote,
basi msimpigie debe."

Akamfundisha: kelele zikianza, usikimbilie jikoni,
jikoni kuna visu na hakuna mlango wa pili.
Nambari ya simu isiandikwe popote, ikaririwe
kama sura fupi ya watoto wa chuoni.
Naye Athmani, miaka saba, akafundishwa asiamue,
asimshike baba mkono.
Kazi yake ni kumchukua mdogo wake,
kwenda kwa Mama Kadzo muuza mbaazi, na kusema:
"Mama anaomba iliki."

Iliki iliombwa mara moja, usiku wa mvua.
Mama Kadzo hakutoa iliki.
Alitoa majirani sita, wakabisha hodi kwa zamu,
huyu anataka chumvi, huyu anarudisha ndoo,
huyu kasikia maji yamekatika, je, na kwenu?
Mpaka mkono wa yule bwana ukachoka kufungua mlango
na ukasahau kazi yake nyingine.

Mtaniuliza mimi yananihusu nini.
Dada yangu Nyevu nilimwambia, vumilia.
Nilimwambia kwenye kiti hiki hiki, uzi mdomoni.
Sitasema zaidi.

Juzi haikuwa Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi,
adhana ya adhuhuri haijaisha,
Athmani akasimama mlangoni na viatu vya shule
siku ambayo shule imefungwa.
"Mama anauliza kama gauni limekwisha."

Nikakata uzi kwa meno.
"Mwambie limekwisha."

Alipita nalo mwilini, mtoto mmoja kila upande.
Upepo ulivuta buibui za watu wote barabarani,
pindo lake halikutikisika.
Sikuuliza aendako.
Nisichokijua hakiwezi kunitoka.

Na leo asubuhi yule mwenyewe kaja,
kanyolewa, kanukia, sauti laini kama hariri ya dukani.
"Fundi, nimekuja kuchukua gauni la mke wangu."

Nikaendelea kukanyaga mashine isiyo na uzi.

"Bado," nikamwambia. "Rudi Jumatatu."